Martin Johnson na Chumba cha Giza cha Marsabit: Wasifu wa Mpiga Filamu na Dawa Zake

Utangulizi

Wahenga walituachia usemi kwamba tusione vyaelea, kwani vimeundwa. Usemi huu huelekezwa kwa vyombo vya baharini, lakini unaifaa picha pia. Anayeitazama picha ya zamani ya ndovu wa Marsabit, au ya simba aliyenaswa na mwako wa taa usiku kando ya mzoga, humwona mnyama tu. Haoni beseni, mizani, kipimajoto wala mikono iliyoloa dawa gizani. Makala haya yanasimulia maisha ya mtu aliyeishi katika pande hizo mbili: upande wa picha uliomletea sifa duniani, na upande wa chumba cha giza ambao watazamaji wake hawakuuona. Mtu huyo ni Martin Johnson (1884–1937), Mmarekani aliyepiga filamu nchini Kenya katika miaka ya 1920 na 1930.

Huenda msomaji akauliza jarida la wanafunzi wa Kiswahili lina haja gani na Johnson. Haja ipo. Kwanza, Johnson na mkewe Osa ni miongoni mwa watu walioyabeba maneno yetu, hasa safari na simba, hadi kwenye kumbi za sinema na majalada ya vitabu vya Marekani. Pili, ufundi alioutegemea, yaani kusafisha filamu kwa dawa zilizochanganywa kwa mkono kutoka kemikali ghafi, ulikuwa na msamiati wake wa Kiswahili katika studio za miji yetu, na msamiati huo unafifia pamoja na studio zenyewe. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, maisha yake yanatulazimisha kujiuliza kama inawezekana kuuheshimu ufundi wa mtu huku tukiukataa mtazamo wake juu yetu.

Malezi na Duka la Baba

Martin Elmer Johnson alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1884 mjini Rockford, katika jimbo la Illinois. Alilelewa katika jimbo la Kansas, kwanza Lincoln na baadaye Independence, ambako babake alikuwa na duka la vito na saa. Babake alipata uwakala wa kuuza vifaa vya kampuni ya Eastman Kodak, na kwa njia hiyo kamera, sahani za kioo, karatasi na chupa za kemikali zikaingia katika duka la mikufu na pete. Kijana Martin hakuipenda shule, na shule nayo haikumpenda. Alichokipenda ni kile kilichokuwa nyuma ya pazia la duka.

Ni muhimu kuuelewa wakati huo. George Eastman (1854–1932), mwasisi wa kampuni hiyo, alikuwa ameanza kazi yake kwa kuchemsha na kuchanganya tabaka la kunasia picha usiku jikoni kwa mamake mjini Rochester, baada ya kurudi kutoka kazi yake ya benki. Mwaka 1888 alitoa kamera ambayo mteja alibonyeza kitufe tu, kisha akairudisha kiwandani ikiwa na filamu yake ili wengine wamalizie kazi. Mpango huo uliifikisha picha mikononi mwa umma, lakini vilevile ulimtenganisha mpiga picha na dawa. Mteja alipata picha, akapoteza maarifa ya namna picha inavyozaliwa. Mtoto wa mwenye duka alikuwa na bahati ya kusimama katikati: aliuza kamera kwa wasiojua, naye akajifunza yale ambayo wao hawakuhitaji kuyajua.

Baada ya kuacha shule, Johnson alizunguka miji midogo ya Kansas akipiga watu picha za bei nafuu. Mji mmoja aliofika ni Chanute, alikozaliwa Osa Leighty mwaka 1894. Wawili hao walioana mwezi Mei 1910, Osa akiwa na miaka 16 na Martin 25. Tangu hapo wasifu wa mmoja hauwezi kuandikwa bila wa mwenzake.

Shule ya Bahari

Kabla ya ndoa hiyo Johnson alikuwa ameshapata shule nyingine. Mwaka 1906 alisikia kwamba mwandishi Jack London alitaka kuizunguka dunia kwa jahazi lililoitwa Snark, akamwandikia barua ya kuomba kazi. Aliajiriwa kama mpishi ingawa upishi hakuujua. Jahazi liling'oa nanga San Francisco mwezi Aprili 1907, likapitia Hawaii, Marquesas, Tahiti, Samoa na Visiwa vya Solomon. Maradhi yalimlazimu London kuikatiza safari hiyo nchini Australia. Johnson alirudi nyumbani akiwa na picha, akazionyesha kwa taa ya kurushia picha ukutani huku akisimulia. Hapo aligundua kwamba watu walikuwa tayari kulipa ili kuona nchi ambazo hawatazifika.

Mwaka 1917 yeye na Osa walisafiri hadi Visiwa vya New Hebrides, ambavyo leo ni nchi ya Vanuatu, wakapiga filamu katika kisiwa cha Malekula. Mwaka 1920 walikuwa Borneo. Safari hizo ziliwafunza jambo ambalo lingewafaa baadaye nchini Kenya: katika nchi za joto, adui wa filamu ni hali ya hewa. Filamu iliyokwisha kupigwa hubeba picha isiyoonekana kwa macho. Joto na unyevu huifubaza picha hiyo kabla haijaguswa na dawa, na kadiri inavyocheleweshwa ndivyo inavyozidi kupotea. Kuipeleka Marekani ikasafishwe huko kulimaanisha wiki nyingi ndani ya matumbo ya meli. Suluhisho lilikuwa moja tu: kuisafisha pale pale ilipopigwa.

Kuja Kenya

Aliyewaelekeza Afrika Mashariki ni Carl Akeley, mchongaji na mtaalamu wa kuhifadhi wanyama wa Makavazi ya Historia ya Viumbe ya Marekani, jijini New York. Akeley ndiye pia aliyebuni kamera ya filamu iliyokuwa na jina lake, ambayo ingeweza kugeuzwa kwa wepesi kumfuata mnyama anayekimbia, na Johnson aliitumia kwa miaka mingi. Akina Johnson walifika Kenya mwaka 1921, wakakodi nyumba Nairobi na kutenga humo chumba cha giza. Filamu ya safari hiyo ilionyeshwa mwaka 1923.

Safari ya pili ndiyo iliyomjengea jina. Akiwa na uungaji mkono wa makavazi hayo na mtaji wa wafadhili, mmoja wao akiwa George Eastman aliyetoa dola 10,000, Johnson alirudi Kenya mwaka 1924. Mahali alipopakusudia ni ziwa lililo ndani ya shimo la volkano iliyozimika katika mlima Marsabit, takriban kilomita 500 kaskazini mwa Nairobi. Ziwa hilo wenyeji wamelijua kwa jina la Sokorte Guda. Akina Johnson waliliita Ziwa Paradiso, nalo jina hilo likachapishwa katika ramani na vitabu kana kwamba mahali pale palikuwa pakingoja kupewa jina. Kiongozi wao wa njia na mjuzi wa nyayo za ndovu, ambaye vitabu vyao vinamtaja kwa jina la Boculy, alizijua njia za ndovu za eneo lile kwa namna ambayo kamera isingeweza kuzijua bila yeye.

Kijiji cha Filamu

Kwenye ukingo ulio juu ya ziwa hilo wafanyakazi wa Johnson walijenga nyumba za udongo na makuti ya nyasi. Palikuwa na makao, maghala, bustani ya mboga na, lililo muhimu kwetu, maabara yenye chumba cha giza. Akina Johnson waliishi huko, kwa vipindi, hadi miaka ya mwisho ya safari hiyo iliyokoma mwaka 1927.

Maji yalipandishwa kutoka ziwani, ziwa ambalo ndovu na nyati walikunywa na kuoga humo. Maji ya namna hiyo hayawezi kuguswa na filamu kabla ya kuchujwa. Chembe moja ya mchanga huacha mkwaruzo. Takataka ya majani huacha doa. Na doa dogo kwenye filamu ya milimita 35 huwa kubwa kama kichwa cha mtu likirushwa kwenye pazia la sinema. Kwa hiyo mchujaji wa maji alikuwa na wajibu usio mdogo kuliko wa mshika kamera. Mlima Marsabit una msitu na ukungu, nao ni baridi kuliko jangwa linaouzunguka. Ubaridi huo ulikuwa rasilimali. Katika nchi za joto kazi ya kusafisha filamu hufanywa usiku au alfajiri, wakati maji yamepoa.

Zana za zama zile zilikuwa za mbao. Filamu ilizungushwa kwenye fremu, fremu ikatumbukizwa katika tangi la dawa, kisha tangi la maji, kisha tangi la dawa ya kukazia, kisha maji tena kwa muda mrefu, na mwisho ikaviringishwa kwenye pipa la mbao ili ikauke. Kipande cha filamu cha futi 200, kikirushwa kwa mwendo wa picha 16 kwa sekunde, humtosha mtazamaji kwa sekunde 200, yaani zaidi kidogo ya dakika tatu. Isitoshe, filamu ya siku hizo ilitengenezwa kwa selulosi na naitreti, kitu kinachowaka kwa kasi ya kutisha. Cheche moja ingeweza kuiteketeza miezi mizima ya kazi.

Dawa Yenyewe

Inafaa tutue hapa tuieleze dawa, kwa sababu wasifu mwingi wa wapiga picha huiruka, na kuiruka ni kuiacha nusu ya kazi.

Juu ya filamu pamepakwa gelatini iliyochanganywa na chembe ndogo sana za chumvi ya fedha. Mwanga ukiiangukia chembe, huibadilisha kidogo mno, kiasi ambacho jicho haliwezi kukitambua. Kazi ya dawa ya kusafishia ni kuzitafuta chembe zilizoguswa na mwanga na kuzigeuza kuwa madini halisi ya fedha, ambayo yakiwa chembechembe huonekana meusi. Zile ambazo hazikuguswa huachwa jinsi zilivyo. Baadaye dawa ya kukazia, ambayo ni thaiosalfeti ya sodiamu, huziyeyusha hizo zilizobaki ili mwanga wa siku usiziharibu. Sifa ya thaiosalfeti ya kuyeyusha chumvi za fedha iligunduliwa na Mwingereza John Herschel mwaka 1819, miaka 20 kabla ya ufundi wa picha kutangazwa kwa umma.

Dawa ya kusafishia si kitu kimoja bali ni ushirika wa vitu vinne au vitano, kila kimoja na zamu yake. Wafanyakazi wakuu ni metoli na haidrokwinoni. Metoli huanza mapema na kuvitoa vivuli vyenye maelezo madogomadogo. Haidrokwinoni huja nyuma yake na kuujenga weusi uliokolea. Vikifanya kazi pamoja, hufanya zaidi ya jumla ya kila kimoja peke yake. Cha tatu ni salfaiti ya sodiamu, mlinzi anayeizuia hewa isiiharibu dawa. Bila yeye dawa hugeuka rangi ya chai na kufa kabla ya kazi kwisha. Cha nne ni alkali, iwe kaboneti ya sodiamu au boraksi, ambayo huichochea metoli na haidrokwinoni kufanya kazi. Cha tano, ambacho si lazima katika kila fomula, ni bromidi ya potasiamu, breki inayozuia ukungu usitande mahali pasipostahili picha.

Mfano mashuhuri ni fomula ambayo maabara ya Kodak iliitoa katika miaka hiyohiyo ya 1920 kwa ajili ya filamu za sinema, ikaitwa D-76. Kwa kila lita moja inahitaji gramu 2 za metoli, gramu 100 za salfaiti ya sodiamu, gramu 5 za haidrokwinoni na gramu 2 za boraksi. Mchanganyaji huanza na maji ya takriban nyuzi 50 za Selsiasi, yapatayo robo tatu ya lita. Kwanza huyeyusha metoli, kwa sababu ikitangulizwa salfaiti nyingi, metoli hukataa kuyeyuka. Kisha hufuata salfaiti, haidrokwinoni na boraksi, kila moja ikiyeyuka kabla ya inayofuata kutiwa, na mwishowe maji baridi huongezwa hadi lita itimie. Dawa huachwa ipoe hadi nyuzi 20 ndipo itumiwe. Anayepindua utaratibu huu hupata tope, na tope halisafishi kitu. Aidha, metoli huwasha ngozi za watu wengine na kuwatoa vipele, hivyo mikono ya mafundi wengi wa zamani iliwasaliti kazi yao.

Tunaona hapa kwamba uchanganyaji si uchawi wala si kubahatisha. Ni elimu ya mpangilio, kama ilivyo elimu ya arudhi kwa mshairi: vina na mizani vikipotea, ujumbe unaweza kubaki lakini shairi limekwenda.

Maji Moto, Magadi na Shabu

Msafiri anayeteremka ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Limuru hufika Mai Mahiu, mji uliopata jina lake kutokana na maneno ya Kikuyu yenye maana ya maji moto. Jina hilo lingemtisha msafishaji yeyote wa filamu. Gelatini inayobeba picha ni ndugu wa mchuzi wa mifupa ulioganda: ikipashwa joto hulainika, huvimba, hukunjamana na hata kubanduka. Maji ya sehemu nyingi za bonde hili, kuanzia Naivasha hadi Nakuru na Elementaita, yana chumvi na floridi nyingi kutokana na asili ya volkano ya ardhi yake. Ni bayana kwamba fundi wa picha katika bonde hili, awe mgeni au mwenyeji, hukabiliwa na maswali mawili aliyokabiliwa nayo Johnson kule Marsabit: maji haya ni safi kiasi gani, na yana joto gani?

Hata hivyo, bonde linalotoa tatizo linatoa pia sehemu ya jawabu. Kusini mwa Mai Mahiu, katika sakafu ya bonde hilohilo, lipo Ziwa Magadi. Neno magadi Waswahili wamelijua kwa karne nyingi: magadi ya kulainishia maharage, magadi ya kuchanganya na tumbaku. Tangu kampuni ya kuyachimba ilipoundwa mwaka 1911 na reli kutoka Konza ikajengwa, magadi hayo yamesafishwa kwa moto na kuuzwa duniani kama kaboneti ya sodiamu kwa viwanda vya vioo na sabuni. Kaboneti hiyo, ikiwa safi, ndiyo ile alkali iliyo katika fomula nyingi za kusafishia picha. Magadi ghafi hayafai moja kwa moja, kwa kuwa yamechanganyika na baikaboneti na chumvi nyingine zinazoidhoofisha na kuichafua dawa. Lakini uhusiano upo, nao unatufunza kwamba kemia iliyoonekana kuja na meli kutoka ng'ambo ilikuwa na jamaa wa karibu katika vyungu vya mama zetu.

Vivyo hivyo shabu. Shabu ambayo wenyeji wa pwani na bara wameitumia kuyatuliza maji machafu ndiyo jamii ya chumvi iliyotiwa katika dawa ya kukazia ili kuifanya gelatini iwe ngumu isiyeyuke katika joto. Fundi wa nchi za joto asiyekuwa na barafu alikuwa na shabu. Alichokuwa amekikosa, mara nyingi, ni mtu wa kumweleza kwamba kile kilichomo katika chupa yenye jina la kigeni anakifahamu tayari kwa jina la Kiswahili.

Kile Ambacho Dawa Haikukisafisha

Filamu iliyotokana na miaka ya Marsabit na safari zilizoambatana nayo iliitwa Simba, ikaanza kuonyeshwa New York mwezi Januari 1928. Katika mwaka huohuo kitabu cha Johnson kiitwacho Safari kilichapishwa. Hadhira ya Marekani iliyapokea maneno hayo mawili bila tafsiri, na ni mara chache lugha yetu imesafiri kwa kasi ya namna hiyo.

Lakini mhakiki hana budi kuuliza maneno hayo yalisafiri na nini. Filamu hiyo inaonyesha wapiganaji ambao akina Johnson waliwaita Lumbwa, jina ambalo wageni waliwapa Wakipsigis, wakimzingira simba kwa mikuki. Ujasiri wao ni wa kweli. Hata hivyo, vipande vilivyopigwa nyakati na mahali tofauti viliunganishwa katika chumba cha uhariri vikawa kisa kimoja, na maandishi yaliyowekwa kati ya picha yaliwageuza Waafrika kuwa vichekesho vya kuwafurahisha watazamaji wa mbali. Katika Congorilla ya mwaka 1932, filamu iliyopigwa kwa vyombo vya sauti na kuwahusisha Wambuti wa msitu wa Ituri, kejeli hiyo inasikika waziwazi. Sokwe wawili wachanga waliokamatwa katika safari hiyo, Mbongo na Ngagi, waliishia katika bustani ya wanyama ya San Diego.

Hapa ndipo penye ugumu wa wasifu huu. Mtu yuleyule aliyeisubiri chembe ya fedha kwa subira ya usiku kucha hakuwa na subira ya kumsikiliza mtu aliyesimama mbele ya kamera yake. Alijua kwamba salfaiti ikizidi kipimo picha hupotoka, lakini hakujali kwamba neno likikosa heshima mtu hupotoka pia. Wapo watakaosema alikuwa mtoto wa zama zake. Dai hilo lina ukweli ndani yake, ila halitoshi. Katika zama hizohizo walikuwepo Waafrika waliojua kwamba wanadhihakiwa, nao walikuwa watu wa zama zile vilevile.

Jambo la haki ni kuzishika kweli zote mbili. Filamu zake zimehifadhi sura ya Marsabit, ya makundi ya wanyama na ya watu wa miaka ya 1920 ambayo haipatikani kwingine. Mtafiti wa leo anaweza kuyafumbia macho maandishi ya kejeli na kuitazama picha yenyewe: jinsi mzee alivyofunga shuka, jinsi mikuki ilivyoshikwa, jinsi ngamia alivyopakiwa. Chembe za fedha ziliwanakili watu hawa kwa uaminifu ambao mwenye kamera hakuwa nao. Dawa haikujua ubaguzi. Ilimpa kila uso weusi na weupe kadiri ya mwanga ulioufikia.

Angani, na Mwisho Wake

Eastman alikuja Kenya mwaka 1926 kuwatembelea akina Johnson, akarudi mwaka 1928. Mwaka huohuo wa 1926 Akeley alifariki katika mlima Mikeno, mashariki mwa Kongo. Mnamo 1933 akina Johnson walirejea Afrika na ndege mbili za Sikorsky zenye uwezo wa kutua majini, moja ikipakwa milia ya punda milia na nyingine madoa ya twiga. Kwa mwaka mzima na zaidi walipiga picha wakiwa angani, zikiwemo za Mlima Kenya na Kilimanjaro. Filamu yao ya Baboona ilitoka mwaka 1935. Kutoka hapo walikwenda Borneo kwa mara ya pili, wakarudi Marekani mwaka 1936.

Ajabu ni kwamba mtu aliyeponea ndovu, simba na ndege ndogo juu ya majangwa alikufa akiwa abiria wa kawaida. Tarehe 12 Januari 1937 ndege ya shirika moja la Marekani ikitoka Salt Lake City iliigonga milima karibu na Newhall, California. Osa aliumia vibaya akapona. Martin alifariki siku iliyofuata, akiwa na umri wa miaka 52. Osa aliendelea na mihadhara ambayo walikuwa wameipanga pamoja, akiwa juu ya kiti cha magurudumu. Kitabu chake cha maisha yao kilichotoka mwaka 1940 kilinunuliwa sana. Naye aliaga dunia mwezi Januari 1953. Makavazi yanayohifadhi kazi yao yalifunguliwa Chanute mwaka 1961, na jina lake limebeba neno letu: safari.

Lugha ya Chumba cha Giza

Kabla ya kuhitimisha, yafaa tuangalie upande wa istilahi. Katika studio za mijini, Nakuru na Naivasha zikiwemo, watu waliipeleka filamu ikasafishwe au ikaoshwe. Vitenzi hivi havikubuniwa na kamati yoyote. Vilizuka katika kazi, na vina fikra ndani yake. Lugha nyingine zinauita mchakato huu kwa neno la kufunua, kukuza au kudhihirisha. Kiswahili cha studio kiliiona picha kama kitu kilichokwisha kuwepo, kilichofunikwa na uchafu tu, na kazi ya fundi ni kuuondoa. Kwa mwanakemia fikra hiyo si sahihi, maana dawa ya kwanza haiondoi kitu. Ni ya pili ndiyo inayoondoa. Kwa mshairi ni sahihi kabisa.

Leo kamera za kidijitali na simu zimeziondolea studio hizo kazi. Kampuni ya Kodak yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwezi Januari 2012, ingawa iliendelea kuwepo. Jambo la kushangaza ni kwamba kadiri dawa zilizopakiwa zilivyoadimika na kupanda bei, ndivyo wapenzi wa picha za rangi nyeusi na nyeupe katika nchi mbalimbali walivyorudi kwenye mizani na fomula za miaka ya 1920, kwa kuwa fomula hizo zilichapishwa na hazikufa na kiwanda. Ujuzi ulioandikwa humngoja mtu wa kuufufua. Ujuzi ambao haukuandikwa huzikwa na mwenyewe.

Hitimisho

Tumeona kwamba Martin Johnson alikuwa fundi mahiri na msimulizi asiye mwaminifu kwa watu aliowapiga filamu. Wasifu wake hauhitaji kupambwa wala kufutwa. Unahitaji kusomwa kama filamu isomwavyo kabla ya kuchapishwa, mahali ambapo palipo na mwanga pana weusi, na palipo na kivuli panang'aa.

Changamoto inayobaki ni yetu. Majina ya waliochota maji ya Sokorte Guda, waliochuja, waliokausha filamu na waliolinda chumba cha giza hayakuandikwa ipasavyo, na hatuwezi kuyarudisha. Lakini wazee waliofanya kazi katika studio za Bonde la Ufa katika nusu ya pili ya karne ya 20, wanaojua kipimo cha kila dawa na jina lake la Kiswahili, wengine bado wapo. Mwanafunzi wa isimu anayetafuta mada ya istilahi, na yule wa fasihi anayetafuta masimulizi ya kukusanya, wote wana kazi hapo. Kamusi ya chumba cha giza bado haijaandikwa, na walio na maneno yake wanazidi kupungua.